Maji yaliyoingia mu waya: kutembea na jamaa kwenye maporomoko ya Lualaba

Kila mwaka tarehe 1 Agosti inchi yetu inafanya sikukuu ya wazazi. Asubuhi watu wanakwenda kusafisha makaburi ya wale waliotangulia, na mchana wanakula pamoja na wale waliobaki. Hapa Dilala ni vile pia. Lakini katika jamaa yetu kulikuwa na desturi moja zaidi: kazi ya makaburi ikiisha, tunakwenda kutembea kwenye maji. Hatuendi kuogelea, wala kuvua samaki. Tunakwenda tu na watoto na wazee mpaka mahali maji yanapoanguka, tunakaa, tunakula, tunasimulia, na tunarudi kabla ya giza.

Desturi hii tuliikuta kwa wazazi wetu, nao waliikuta kwa wazazi wao. Siku hizi imeanza kupotea. Vijana wanasema ni mbali, akina mama wanaogopa magari makubwa ya machimbo yanayojaa barabarani, na wengi wanaona ni afadhali kukaa nyumbani mbele ya televizyo, kama umeme uko. Katika maandishi haya tunataka kuonyesha kwamba kupoteza matembezi haya ni kupoteza kitu kikubwa kuliko raha ya siku moja. Mtu wa Kolwezi asiyejua maporomoko ya mto wake hawezi kujua vizuri muji wake ulitoka wapi. Tutaanza na safari moja, halafu tutarudi nyuma katika historia, na mwisho tutasema tunachowaomba wandugu wasomaji.

Swali la mtoto

Tarehe 1 Agosti 2018 tuliondoka Dilala watu kumi na wanne katika basi ndogo tuliyokodi. Aliyekuwa mkubwa kuliko sisi wote ni nkambo wetu, mama wa baba, aliyezaliwa katika kijiji cha upande wa Nzilo kabla baraji haijajengwa. Wadogo walikuwa watoto wa masomo, na mmoja alikuwa bado anabebwa mgongoni. Tulibeba unga, sombe iliyopikwa, samaki, munkoyo katika bidoni ya njano, na shuka ya kumtandikia nkambo.

Nzilo iko upande wa kaskazini wa Kolwezi, mwendo wa kilometa kama 30. Watoto walikuwa wameambiwa kwamba tunakwenda kuona maporomoko, kwa hiyo njia nzima waliuliza kama tumefika. Tulipofika karibu, tukakuta kizuizi. Mlinzi alitusalimia kwa heshima, akatuambia kwamba hapa ni mahali pa mitambo na bila karatasi mtu hapiti. Hatukumlaumu. Baraji ni kitu cha kulindwa, na sababu tutaziona mbele. Tulishuka kwenye basi, tukasimama upande wa barabara, na kutoka pale nkambo akaonyesha kwa mkono: kule chini, katikati ya vilima, ndiko Lualaba ulikuwa unaanguka.

Mtoto mmoja wa miaka saba akatazama, akasikiliza, akauliza:

— Nkambo, mayi yenye kuanguka iko wapi?

Nkambo akajibu:

— Iko mu waya, mutoto.

Watu wazima tulicheka. Mtoto hakucheka. Alitazama juu kwenye nguzo za chuma, akafuata nyaya kwa macho mpaka zilipopotea upande wa muji, akauliza tena: «Nani aliitia mule?» Kwa swali lile tuliona kwamba sisi wenyewe hatukuwa na jibu lililo tayari. Maandishi haya ni jibu letu, ingawa limechelewa.

Wazee na maji makubwa

Lualaba unatokea katika uwanda wa juu wa kusini ya Katanga, kwenye kimo cha mita karibu 1 400. Unatembea taratibu kuelekea kaskazini mpaka unapofika kwenye mabonde membamba ya Nzilo. Hapo inchi inashuka ghafula. Katika mwendo wa kilometa kama 70 mto unateremka zaidi ya mita 400, toka uwanda wa Manika mpaka kwenye bonde la Upemba, mahali pa maziwa na samaki wengi. Kabla ya baraji, mteremko ule wote ulikuwa ni maji yanayoruka, yanayogonga mawe na kupiga kelele. Nkambo alisema: «Ile mayi ilikuwa inalia usiku muzima. Sisi batoto hatukukuwa tunaisikia tena, ni wageni ndio walikuwa wanashindwa kulala.»

Kwa wazee wetu, maji makubwa hayakuwa mahali pa mchezo. Katika desturi za Baluba, bavidye, yaani roho wenye nguvu, wana makao yao katika mahali maalum: ziwa fulani, chemchemi ya maji ya moto, mlima au pango. Na majirani zao walikuwa na heshima ya namna hiyo kwa mahali pao. Ndiyo maana mtu hakufika kwenye maporomoko hivihivi tu. Katika jamaa yetu sheria zilikuwa chache na wazi: mkubwa wa safari anatangulia, anasalimia kabla ya kugusa maji, hakuna kupiga kelele wala kutukana, hakuna kutupa chakula mtoni kwa mchezo, na mtoto hasogei ukingoni bila kushikwa mkono.

Wasomaji wengine watasema haya ni mambo ya kale. Sisi tunaona kwamba ndani ya sheria hizi kuna akili nyingi. Mwamba wa maporomoko unateleza, maji yanavuta, na kelele yake inafunika sauti ya mtu anayeomba msaada. Woga wa roho ulilinda watoto kabla ya mtu yeyote kuweka vyuma vya kuzuia watu. Hata katika muji woga ule haukuisha. Wale waliokua katika miaka ya 1970 wanakumbuka picha za Mamba Muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, ambazo wachoraji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walizichora na wafanyakazi wakazitundika sebuleni. Watu waliacha kijiji, wakaingia katika kampi za kazi, lakini bwana wa maji waliondoka naye.

Wageni waliosimamishwa na mto

Mwaka wa 1891 ulikuwa mwaka mbaya kwa Katanga. Mfalme Msiri alitawala Bunkeya, na Waingereza na Wabeleji walishindana nani atamfikia kwanza. Kwa upande wa Leopold II, mfalme wa Ubeleji, safari nne zilifuatana. Paul Le Marinel alifika Bunkeya mwezi wa Aprili 1891. Alexandre Delcommune alifika mwezi wa Oktoba. Safari ya Stairs ilifika mwezi wa Desemba, na tarehe 20 ya mwezi ule Msiri akauawa kwa risasi. Mwanzoni mwa 1892 ikafika safari ya Lucien Bia na Émile Francqui, pamoja na Jules Cornet, mtaalamu wa mawe.

Delcommune ndiye anayetuhusu zaidi. Kutoka Bunkeya alielekea upande wa Lualaba, akiwa na watu waliochoka kwa njaa. Alitaka kushuka na mto kwa mitumbwi. Watu wake walikata miti na kuchonga mitumbwi, na safari ikaanza. Lakini walipofika Nzilo mto uliwasimamisha. Maporomoko yalikuwa mlango uliofungwa. Walilazimika kuacha mitumbwi na kutembea kwa miguu.

Tunataka watoto wetu wakumbuke jambo hili. Msiri na bunduki zake zote hakuweza kuzuia wageni. Maji ya Nzilo yaliweza, angalau kwa siku zile. Miaka 60 hivi baadaye, jina la mtu yule yule aliyeshindwa liliandikwa juu ya baraji iliyofunga maporomoko yale: baraji ya Delcommune. Mto ukapewa jina la mtu ambaye ulimkatalia njia.

Kwa nini mukuba ulihitaji maporomoko

Hapo tunafika kwenye swali la mtoto: nani aliyatia maji mu waya, na kwa nini?

Wazee wetu walijua kuyeyusha mukuba karne nyingi kabla ya wageni. Walihitaji jiwe la kijani, makala ya miti, tanuru ya udongo na mivukuto. Kazi ilifanywa wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, na matunda yake yalikuwa ile misalaba midogo ya mukuba ambayo watu walitumia kama fedha na kama mahari. Kazi ile haikuhitaji maporomoko.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906, reli ilifika Élisabethville mwaka wa 1910, na mukuba wa kwanza wa kiwanda ulitoka mwaka wa 1911. Mwanzoni kiwanda kilifanya kazi ile ile ya zamani, ila kwa ukubwa zaidi: kuyeyusha mawe mazuri kwa moto, na makaa ya kuwashia yalinunuliwa mbali. Lakini mawe mazuri yana mwisho. Kwa mawe yaliyo na mukuba kidogo, wahandisi walileta njia nyingine: jiwe linasagwa, linatiwa katika asidi mpaka mukuba unayeyuka ndani ya maji, halafu umeme unapitishwa katika maji yale, na mukuba unajishika kwenye bamba, kidogo kidogo, safi kabisa. Njia hii inakula umeme usiku na mchana.

Basi wahandisi wakatazama ramani wakitafuta mahali maji yanapoanguka. Mwaka wa 1925 ikaundwa sosiete ya umeme iliyoitwa Sogefor. Ukiweka miaka pamoja utaona jambo wazi. Kiwanda cha Shituru, kule Likasi, kilianza mwaka wa 1929. Baraji ya Mwadingusha juu ya mto Lufira ilianza kutoa umeme mwaka wa 1930, pale pale palipokuwa maporomoko yaliyoitwa Cornet. Karibu na 1950 ikafuata Koni, chini kidogo juu ya mto ule ule. Muji wa Kolwezi ulianza mwaka wa 1937, machimbo ya magharibi yakakua, na Lufira peke yake haukutosha tena. Wakageukia Lualaba: Nzilo katika miaka ya kwanza ya 1950, yenye nguvu ya megawati 108, na Nseke mwaka wa 1956, yenye megawati karibu 250. Miaka minne baadaye, mwaka wa 1960, kiwanda cha Luilu kikafunguliwa hapa Kolwezi.

Kwa hiyo si ajali kwamba maporomoko yetu yalinyamaza mmoja baada ya mwingine. Kila kiwanda kilikuja na maporomoko yake. Ukitaka kusema kwa neno fupi: wazee walichoma miti kupata mukuba, na kampuni ilichoma maporomoko.

Hatusemi kwamba ilikuwa hasara tupu. Umeme ule ulijenga hospitali na masomo, uliwasha taa katika kampi za wafanyakazi, na ulivuka hata mpaka. Baada ya Nseke kuanza, umeme wa Lualaba ulipelekwa katika machimbo ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, wakati baraji ya Kariba ilikuwa bado inajengwa. Na ziwa la Nzilo, ambalo lilizaliwa nyuma ya baraji, limelisha wavuvi wengi. Samaki tuliokula siku ile walitoka humo. Lakini bei yake lazima isemwe, na wale waliolipa wa kwanza ni watu wa vijiji vya mtoni, kama baba yake nkambo, aliyekuwa mvuvi.

Majina manne

Turudi kwenye majina, kwa kuwa jina ni historia iliyofupishwa. Wakati wa ukoloni, Mwadingusha iliitwa Francqui. Koni iliitwa Bia. Nzilo iliitwa Delcommune. Nseke iliitwa Le Marinel. Msomaji ameona? Ni wale wale wakubwa wa safari za 1891 na 1892. Bia mwenyewe alikufa humu Katanga mwaka ule wa 1892, na Francqui akachukua uongozi. Baadaye alikuwa tajiri mkubwa wa mambo ya benki na waziri kwao Ubeleji. Cornet alipewa maporomoko, halafu maporomoko yenyewe yakafichwa na baraji ya rafiki yake.

Wakati wa Authenticité, katika miaka ya 1970, majina haya yaliondolewa na majina ya wenyeji yakarudi. Ni jambo jema. Lakini tumeona hatari moja. Mtoto wa leo akisikia «Nzilo» anafikiri ni jina la baraji, au la ziwa, au la kituo cha umeme. Hajui kwamba kwanza lilikuwa jina la maporomoko. Jina lilirudi, lakini kitu chenyewe hakikurudi. Ndiyo sababu tunasema haitoshi kubadilisha kibao. Ni lazima mtu mkubwa asimame pale na mtoto na kumwonyesha kwa kidole.

Maji katika vita

Tulisema kwamba sababu za kulinda baraji tutaziona. Mwaka wa 1960, siku chache baada ya uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Mambo yale yaliisha hapa Kolwezi, mwezi wa Januari 1963. Askari wa Katanga walikuwa wametega baruti kwenye mitambo, pamoja na baraji za Lualaba, na kutisha kwamba kama askari wa Umoja wa Mataifa wakisogea, vyote vitapasuliwa. Madaraja kadhaa yalivunjwa kweli. Baraji ziliachwa. Baada ya mazungumzo, askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Kolwezi tarehe 21 Januari 1963 na kujitenga kukaisha.

Wazazi wetu walisimulia hofu ya siku zile. Maji ambayo zamani yalitisha wageni sasa yalikuwa mateka katika mikono ya wenyeji. Kama baraji ya Nzilo ingepasuka, vijiji vya chini vingebebwa, na muji ungebaki bila kazi na bila taa. Tangu siku ile watu wa hapa wanajua kwamba baraji ni kitu chenye nguvu na ni kitu dhaifu pia.

Si sisi peke yetu

Wasomaji wasifikiri kwamba jambo hili ni la Katanga tu. Kule Jinja, inchi ya Uganda, mto Nile ulikuwa unatoka katika ziwa Victoria kwa maporomoko mawili yaliyofuatana, Ripon na Owen. Mwaka wa 1954 baraji ya Owen Falls ilifunguliwa, na yote mawili yakazama. Ni miaka ile ile ya Nzilo. Baadaye, chini kidogo ya hapo, maporomoko ya Bujagali nayo yakazama, baraji mpya ilipomalizwa mwaka wa 2012. Lakini pale Bujagali palikuwa na roho aliyeheshimiwa na Wasoga, na kabla ya kazi sherehe zilifanywa ili kuhamisha roho zile. Wengine walikubali, wengine walikataa na kusema kwamba roho wa maporomoko hahami kama mpangaji. Ugomvi ule ulikuwa mgumu, lakini angalau wenyeji walipewa nafasi ya kusema.

Kwa majirani zetu wa Zambia na Zimbabwe, Mosi-oa-Tunya bado inaunguruma, ingawa sehemu ya maji yake inazungusha mitambo. Na hapa kwetu Katanga hatujamaliza yote. Maporomoko ya Lofoi, katika mbuga ya Kundelungu, yanaanguka zaidi ya mita 300. Maporomoko ya Kiubo, juu ya Lufira, bado yana upana wake wote. Lakini Lofoi na Kiubo ni safari za mbali, zinahitaji gari ngumu na fedha. Kwa jamaa ya Dilala yenye wazee na watoto wachanga, vilivyobaki ni vijito.

Tulichokikuta kwenye kijito

Siku ile, baada ya kusimama kwenye kizuizi, tulirudi nyuma kidogo na kufuata njia ya miguu katika pori la miombo. Nkambo alitangulia, kama sheria ilivyo. Njia ilikuwa ya taratibu, bila mlima mkali. Hata kwa mwendo wa nkambo hatukumaliza saa moja. Majani yalikuwa yamechomwa, udongo mwekundu ulishika viatu vya watoto. Halafu tukasikia maji kabla ya kuyaona.

Ni kijito tu kinachoteremka kuelekea bonde la Lualaba. Maporomoko yake hayapiti kimo cha nyumba mbili, na mwezi wa Agosti maji ni machache. Lakini watoto walinyamaza bila kuambiwa. Nkambo alisogea, akainama, akapiga makofi mara tatu kwa mikono iliyokunjwa kidogo, akataja majina ya baba yake na ya babu yake. Halafu akanawa uso. Alituambia kwamba mahali pale ndipo mama yake alikuwa anachota maji kila msimu wa mvua, wakati Lualaba ulikuwa mchafu na wenye nguvu kupita kiasi. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa anajua jambo lile. Tulikuwa tumefika pale mara nyingi tukifikiri ni mahali pa kula tu.

Tulikula bukari na samaki. Mtoto wa miaka saba aliweka jani juu ya maji, akalitazama likianguka, akatafuta lingine. Mwishoni akasema kwa nkambo: «Hii haijaingia mu waya.» Nkambo akamjibu: «Bado.»

Tulirudi Dilala jioni. Umeme haukuwako katika mtaa wetu, ukarudi usiku wa manane. Tulikaa na mshumaa tukisema juu ya neno lile, bado. Msomaji anajua kwamba nyaya zinazofika Kolwezi hazibebi maji ya Nzilo na Nseke tu. Tangu mwaka wa 1982 nyaya nyingine zinaleta hapa umeme wa maporomoko ya Inga, umbali wa kilometa karibu 1 700, zikipita juu ya vijiji ambavyo havipati hata taa moja. Na katika miaka ya 2020 baraji mpya ya Busanga, yenye megawati 240, ilianza kazi juu ya Lualaba, ikifungamana na machimbo ya Sicomines. Kazi inataka umeme, na watu wanataka kazi, hatubishi. Lakini mwenye nyumba anayelala gizani chini ya waya ana haki ya kuuliza maji yake yanakwenda wapi.

Nkambo alituacha mwaka wa 2021. Tulipomzika tulitambua kwamba hatukuandika jina la kijito. Alilitaja siku ile mara moja, katikati ya majina ya wazee, na hatukulishika. Kwenye ramani tulizoziona ni mstari mwembamba wa buluu bila jina. Hii ndiyo aibu yetu, na ndiyo sababu ya kuandika.

Tunachoomba

Vijito vya Kolwezi viko katika hatari mbili. Ya kwanza ni ya kuonekana kwa macho: mito kama Musonoi na Luilu imebeba uchafu wa viwanda na machimbo kwa miaka mingi, na mahali pengi palipokuwa njia ya wote sasa pamefungwa kwa ukuta na ua wa chuma. Hatari hii inahitaji sheria na viongozi wenye moyo. Hatari ya pili ni ya kimya: maji yako, njia iko, lakini hakuna mkubwa anayempeleka mtoto. Hii haihitaji mtu wa Kinshasa. Ni kazi ya jamaa.

Basi tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila jamaa ichague siku moja ya kiangazi, ikiwezekana tarehe 1 Agosti, na kutembea mpaka kwenye maji yaliyo karibu. Kiangazi ni bora kwa sababu njia ni kavu na mawe hayatelezi sana. Msimu wa mvua maji ni mazuri kutazama, lakini si mahali pa watoto. Mtu aulize wenyeji wa kijiji kwanza, maana maji yana wenyewe. Asikaribie chini ya baraji hata siku moja, kwa kuwa maji yanaweza kufunguliwa bila mtu kujua. Na arudi na takataka zake zote.

Pili, wazee waachwe waseme. Sisi watu wa masomo tuna ugonjwa wa kusahihisha wazee kwa tarehe na vitabu. Tarehe ni nzuri, tumezitoa nyingi hapa. Lakini hakuna kitabu kilichotuambia kwamba mama yake nkambo alichota maji kwenye kijito kile.

Tatu, na hili ni la lazima: mtu abebe kalamu. Aandike jina la kijito, jina la kijiji, jina la mzee aliyesema, na siku. Daftari la masomo linatosha. Atakayetuletea daftari lake, chama kitaliweka pamoja na mengine, ili siku moja tupate ramani ya maji ya Dilala na Manika yenye majina ya wenyeji.

Sisi kwa upande wetu tulianza. Mwaka uliofuata mazishi tulirudi kule na yule mtoto, ambaye sasa amekuwa mkubwa kidogo, tukazunguka vijiji vitatu tukiuliza jina la kijito. Tulipewa majina mawili tofauti, na kila mzee alisema lake ndilo la kweli. Tumeyaandika yote mawili.